Jina la Marehemu Si Shamba Lisilo Mwenyewe

Imekuwa desturi miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili wa Kigali na viunga vyake, kwamba kila inapokaribia tarehe 8 Machi mwalimu mmoja huketi akatunga mchezo au hadithi fupi juu ya mwanamke shujaa aliyeishi kweli. Humchukua Muhumuza, au Mekatilili wa Menza, au Siti binti Saad. Humpa mume mkorofi, ndoto ya usiku wa manane, na hotuba ndefu ya kulisifu taifa ambalo wakati ule halikuwapo bado. Wanafunzi huikariri hotuba hiyo wakaipeleka jukwaani, wazazi wakapiga makofi, na mambo yakaisha salama. Ila hayaishi. Muda si mrefu, katika karatasi ya mtihani, mtoto huandika kwamba Muhumuza aliyasema maneno yale, naye hupewa alama zake zote. Nimewauliza wenzangu juu ya jambo hili mara nyingi, nami hujibiwa jibu lile lile: hiyo ni hadithi tu, na mtunzi ana uhuru wake.

Jibu hilo ni la uvivu, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani.

Nisidhaniwe kuwa naipinga riwaya ya kihistoria, au kwamba nataka kila mtunzi awe karani wa nyaraka. La hasha. Ebrahim Hussein alipoitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka wa 1969, alilitwaa jina la mtu aliyeishi, mganga wa Ngarambe ambaye Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vinawaka. Aliunda mazungumzo, akaunda mashaka ya moyoni, akaunda hata jinsi mtu anavyotekwa na neno alilolitoa mwenyewe. Lakini alimwambia msomaji wazi kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe wa sanaa, anayefanana na yule wa historia pasipo kuwa yeye. Kwa maneno machache alilipa deni lake kwa marehemu na kwa msomaji pia, wala mchezo haukupungua nguvu hata chembe. Ni wangapi kati yetu, tunaoufundisha mchezo huo mwaka baada ya mwaka, tumewahi kufanya hivyo katika vijimchezo vyetu vya Machi?

Ili tuyaone madhara yenyewe, yafaa tutazame kwanza nchi ambako hadithi za namna hii zimestawi mno. Huko Marekani, habari za wanawake waliopanda magari ya kukokotwa na wanyama kuelekea magharibi katika karne ya 19 ni tawi zima la fasihi. Maarufu kupita zote ni zile za Laura Ingalls Wilder, aliyezaliwa mwaka wa 1867 na kuchapisha vitabu vinane kati ya 1932 na 1943. Wahusika ni baba yake, mama yake na dada zake, kwa majina yao halisi. Vizazi vya watoto vimevisoma kama historia. Basi katika kitabu cha mwaka wa 1935 familia hiyo inajenga nyumba katika ardhi ya Waosage huko Kansas, na toleo la kwanza lilimwambia mtoto kwamba huko hapakuwa na watu, ila Wahindi wekundu tu. Sentensi hiyo ilikaa vitabuni mpaka mwaka wa 1953, ndipo neno “watu” lilipobadilishwa likawa “walowezi”. Mambo mengine yaliachwa nje kabisa: mtoto mchanga wa kiume aliyefariki mwaka wa 1876, na muda ambao familia ilikaa Burr Oak, Iowa, baada ya kushindwa na kilimo. Binti yake, Rose Wilder Lane, mwandishi hodari, naye aliyapitia maandiko kwa kalamu yake. Kumbukumbu alizoandika Laura kwanza, kabla hazijageuzwa kuwa hadithi za watoto, hazikutoka kwa chapa mpaka mwaka wa 2014. Na mwaka wa 2018 wakutubi wa watoto wa Marekani waliliondoa jina lake katika tuzo waliyokuwa wakiitoa kwa heshima yake.

Wapo waliolalamika kwamba bibi wa watu alionewa. Mimi siingii katika ugomvi huo. Ninachokiona ni kwamba uongo uliochanganywa na majina ya kweli haukugunduliwa upesi, kwa sababu majina yenyewe yalikuwa dhamana. Mtoto aliyesoma juu ya mama aliyekuwapo kweli, katika nyumba iliyokuwapo kweli, angeanzia wapi kushuku kwamba nchi tupu ile haikuwa tupu?

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Mtu anayetangulia kufika mahali twamwita mtangulizi, na anayeanzisha jambo twamwita mwanzilishi. Yote ni majina ya sifa. Lakini mtu atokaye kwao akaja kukaa kwa wengine twamwita mlowezi, na Mkenya wa zamani angesema setla huku amekunja uso. Mwanamke yule yule wa Kansas ni mtangulizi akisimuliwa na wajukuu wake, na ni mlowezi akisimuliwa na Waosage. Mwalimu anayetafsiri hadithi hizo darasani hulazimika kuchagua neno, na akichagua bila kufikiri amekwisha kuamua kesi.

Hayo ya ng'ambo. Pwani yetu nayo ina mifano yake, na mmoja wao huniuma kila nikiukumbuka. Swema alikuwa msichana wa Kiyao aliyeuzwa utumwani akafikishwa Unguja, akazikwa akiwa hai kwa kudhaniwa amekwisha kufa, akafukuliwa, akalelewa na misheni ya Kikatoliki. Habari zake ziliandikwa na mapadri zikachapishwa Paris mwaka wa 1870, ili ziwaguse mioyo wafadhili wa misheni. Swema aliishi; mateso yake hayakubuniwa. Lakini katika kitabu kile anasamehe, anaomba na kunyenyekea kama mtakatifu katika kitabu cha sala, na wanahistoria waliokisoma baadaye wamelazimika kuchambua ukurasa kwa ukurasa wapi sauti ya msichana inakoma na wapi ya padri inaanza. Waandishi wake walimpenda, hilo halina shaka, na walimtumia vile vile.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1844, alikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa aliishika kalamu mwenyewe. Alitoroka mwaka wa 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, huko Aden mwaka wa 1867, akafiwa naye Hamburg mwaka wa 1870, na mwaka wa 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Tangu hapo watunzi hawakumwacha apumzike. Kati ya 2008 na 2013 peke yake walitokea Hans Christoph Buch, Nicole Vosseler na Lukas Hartmann, wote wa lugha ya Kijerumani, waliomwingiza katika riwaya. Simlaumu mtunzi yeyote kwa kuvutwa na maisha hayo. Lakini Salme mwenyewe aliandika sura nzima juu ya utumwa, na katika sura hiyo anautetea utumwa wa nyumbani kwao na kuusema kuwa mwepesi kuliko ule wa Marekani. Mwalimu anayemfanya Salme kuwa mama wa uhuru wa wanawake, akaificha sura hiyo, amemnyang'anya Salme neno lake na kuweka neno lake mwenyewe mahali pake. Na wale watumwa waliokuwa wakimbeba maji wamezikwa pamoja na sura hiyo.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa kwa adabu, soma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti, binti wa Fumba aliyeuza vyungu na kufika Bombay mwaka wa 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, angeweza kugeuzwa malaika. Shaaban Robert hakosi mawaidha, tena anayo mengi, pengine mengi mno kwa kijana wa leo. Lakini anapohubiri unajua kwamba ni yeye anayehubiri. Hakuyatia mahubiri yake kinywani mwa Siti.

Sasa turudi Rwanda. Katika michezo yetu ya shule Muhumuza ni nuru na Kanjogera ni giza, na sijaona mwaka ambao mambo yamekuwa kinyume. Nyirayuhi Kanjogera, mke wa Mwami Kigeli Rwabugiri, aliwekwa kuwa mama mfalme kwa Rutarindwa, aliyekuwa amefiwa na mama yake mzazi. Mwaka wa 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka yake Kabare walimwangusha Rutarindwa wakamtawaza Musinga, mwanawe wa kumzaa. Watu wengi walikufa. Tangu hapo mpaka Wabelgiji walipomwondoa Musinga mwezi Novemba 1931, mwanamke huyo alikuwa mmoja wa wenye nguvu kupita wote nchini. Alikufa uhamishoni pamoja na mwanawe mwaka wa 1933. Yanasimuliwa juu yake mambo ya kutisha, ya panga na watoto wachanga, nasi tunayatia jukwaani kama tuliyashuhudia kwa macho. Hatujiulizi ni nani aliyafaidi masimulizi hayo. Waliokuwa wakitafuta sababu ya kumwondoa Musinga hawakuchukizwa hata kidogo kusikia kwamba mama yake ni zimwi.

Muhumuza naye alijitangaza kuwa mjane wa Rwabugiri huyo huyo. Wajerumani walimkamata mwaka wa 1908 wakamweka Bukoba. Alipoachiliwa akainua watu huko Ndorwa, na mwezi Septemba 1911 Waingereza wakamvamia katika ngome yake ya Ihanga, karibu na Kabale, wakamjeruhi, wakamchukua. Hakurudi tena kwao. Alikufa Kampala, katika miaka ya 1940, baada ya kuzuiliwa zaidi ya miaka thelathini. Hayo ni makubwa, yanatosha kumsimamisha mtu nywele. Kwa nini basi tumpe hotuba juu ya mipaka ya nchi za Afrika Mashariki na umoja wa wanawake wote? Yeye alidai kiti cha enzi cha Rwanda kwa ajili ya mwanawe. Tena aliwashambulia wakuu wa vijiji waliokataa kumfuata. Mwanafunzi anayefichwa hayo hatamwelewa kamwe, wala hataelewa kwa nini Waingereza walipata wenyeji wa kuwasaidia siku ile ya Ihanga.

Mwalimu mmoja ambaye namheshimu sana, tena ni dada yangu mkubwa katika kazi hii, alinikabili kwa hoja nzito, nami sitaikwepa. Alisema: nyaraka zote unazozitaja ziliandikwa na wanaume, maofisa, mapadri na maakida. Juu ya mwanamke waliandika mistari miwili, mmoja wa dharau na mwingine wa hofu. Ukimkataza mtunzi kuujaza mwanya huo kwa ubunifu, umewazika wanawake mara ya pili.

Ni kweli kwamba mwanya upo. Lakini kuujaza mwanya kwa maneno yetu tunayoyapenda, kisha kusema kwamba ni yake, ni kuufanya usionekane tena. Mwanafunzi haoni kwamba mama huyu alinyamazishwa. Anaona kwamba alihutubia vizuri. Ofisa aliyekataa kuandika maneno yake amesamehewa. Mwanya wenyewe ni sehemu ya historia yake, na kwa maoni yangu ni sehemu ambayo mtoto wa miaka 15 huielewa upesi kuliko tarehe za vita, akiambiwa tu.

Tena Kiswahili kimetupa zana za kazi hii, nasi ni walimu wa Kiswahili, si wa historia. Chukua sentensi tatu. Muhumuza alikamatwa mwaka wa 1911: hapo -li- ya wakati uliopita inasimama imara, jambo lina ushahidi. Yasemekana aliwaahidi wafuasi wake kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji: hapo msemaji ametupa mzigo kwa wasimulizi. Angaliulizwa habari zake huko Kampala, angalisimulia mengi: hapo -ngali- inatangaza kwamba jambo halikutokea, tunalifikiri tu. Tunazifundisha nyakati na hali hizi kwa mifano ya mvua na mahindi, mvua ingenyesha tungevuna, na mwanafunzi hupiga miayo. Mpe maisha ya mwanamke mmoja wa kweli, mwambie ayaandike kurasa mbili bila kuchanganya -li- na -ngali-, uone kama atalala.

Na wanafunzi wetu wa Rwanda hawaji mikono mitupu. Kinyarwanda kina neno ngo, ambalo bibi huliweka mbele ya habari aliyoisikia kwa wengine, nalo halina kejeli ndani yake. Tatizo ni kwamba mtoto huligeuza kuwa “eti”, na eti ya Kiswahili inanuka dharau. Kumbe alichotaka kusema ni “yasemekana” au “inasimuliwa”. Kosa hilo dogo nimelisahihisha mara nyingi. Mtoto aliyelelewa kwa ngo anajua tayari tofauti kati ya kuona na kusikia. Ni sisi tunaomfuta ujuzi huo kwa michezo yetu.

Mtunzi anayetaka uhuru wote, uhuru huo upo, wala hakuna anayemnyima. Kigali ilipoanzishwa na Richard Kandt mwaka wa 1907, walikuja na misafara ya Wajerumani askari na wapagazi, na wake zao. Na kutokana na watu kama hao na wafanyabiashara waliowafuata ndiko Kiswahili kilikopata makao hapa, mpaka Biryogo ikawa Biryogo. Wanawake wale walipika, wakauza, wakazaa, wakafundisha mji mzima kuhesabu kwa Kiswahili. Majina yao hatunayo. Hapo mtunzi na abuni mpaka kalamu iishe wino. Ampe jina la kubuni, ampe kijiji alikotoka, ampe ulimi mkali. Hakuna kaburi analolikanyaga. Lakini mwenye kulitumia jina la mtu aliyeishi, ili apate heshima ya ukweli, hawezi tena kudai ruhusa ya kubuni analotaka. Achague moja.

Haya yote yasingenishughulisha hivi kama yangehusu wafu peke yao. Mimi naandika kutoka Batsinda. Wasomaji wa mbali wajue kwamba mtaa huu, katika kata ya Kinyinya wilayani Gasabo, ulijulikana nchini mwaka wa 2008, pale familia za Kiyovu ya chini, penye jina la Kiyovu cy'Abakene, yaani ya maskini, zilipoondolewa katikati ya mji ili mpango mpya wa jiji utekelezwe. Zilijengwa hapa nyumba zipatazo 250. Mwenye fidia iliyopungua thamani ya nyumba alibaki na deni, na mpangaji hakuwa na nyumba ya kubadilishana. Akina mama waliokuwa wakiuza mboga na kufua nguo za watu umbali wa kutembea kwa miguu walijikuta mbali na wateja wao wote.

Akina mama hao wapo. Wengine ni bibi za wanafunzi wetu. Na sasa, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi tangu mwaka wa 2017 na kila shule inatafuta matini zenye asili ya hapa hapa, nasikia pendekezo kwamba tuwatungie wanafunzi kitabu cha hadithi za “wanawake waanzilishi wa Batsinda”. Nimeonyeshwa kurasa za majaribio. Jina la mtaa limempendeza mtunzi, kwa kuwa batsinda kwa Kinyarwanda ni “wanashinda”, basi kila hadithi inaishia kwa ushindi. Mama anafika kilimani penye mwitu mtupu, anafyeka, anapanda maua, anaimba. Mwitu upi? Vilima hivi vilikuwa na mashamba na wenyewe kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa. Wajukuu wao wanakaa dawati moja na wajukuu wa Kiyovu. Hapo tumeandika Kansas nyingine bila kujua, katika kilima ambacho tunaweza kukitembea kwa nusu saa na kumwuliza mtu.

Katika kurasa zile majina yamebadilishwa, nami niliambiwa kwamba hilo linatosha. Halitoshi. Ukiandika mjane mwenye kibanda cha mkaa kwenye kona, aliyefiwa na watoto wawili, mtaa mzima unajua ni nani, na jina la kubuni linakuwa pazia la chandarua. Mama huyo katika hadithi analia akimshukuru kila mtu. Je, alishukuru? Aliulizwa? Huenda alishukuru kweli. Wapo waliopata hapa nyumba ya kwanza yenye hati mkononi mwao. Huenda alikasirika, na hasira yake bado ipo. Huenda vyote viwili kwa siku moja, kama ilivyo kwa binadamu. Mtunzi hakuona haja ya kujua.

Napendekeza kurasa hizo zisichapwe kama zilivyo. Waende wanafunzi wenyewe, wawili wawili, pamoja na mwalimu, kwa kila mama atakayekubali kuzungumza. Waandike kwanza alichosema, kwa -li- ya kile alichokiona na kwa “yasemekana” ya kile alichokisikia. Hadithi ikitungwa baadaye, mama asomewe kwa Kinyarwanda kabla haijapanda jukwaani wala kuingia kitabuni, na neno atakalolikataa lifutwe, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Wasomewe vile vile wenye mashamba ya zamani. Na juu ya Muhumuza, Kanjogera na wenzao, ambao hatuwezi kuwasomea, kila mchezo utangulie na maneno ya mtunzi yanayotaja yaliyobuniwa, nayo yasomwe kwa sauti mbele ya wazazi.

Najua itasemwa kwamba hakuna muda, kwamba mihula ni mifupi, na kwamba wakaguzi wanataka kitabu kabla ya mwisho wa mwaka. Kurasa za jarida hili ziko wazi kwa mwenye kunijibu. Ila namwomba atakayejibu asianze na uhuru wa mtunzi. Aanze na yule mama wa mkaa, atueleze ni nani aliyempa ruhusa ya kumliza.